Kuotesha rozela kwa mbegu kwenye bustani yenye unyevu

Rozela, ambayo wengine mnaiita choya, ni ndugu wa bamia na pamba. Mimi naipanda huku Kayenze, Ilemela, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwenye bustani ambayo ukipiga jembe mara mbili tu unakuta udongo mbichi hata Agosti. Unyevu huo rozela inaupenda. Maji yakituama, inakufa.

1. Mbegu. Usihangaike na maua makavu ya juisi, yale yameshatolewa tunda. Mwombe mkulima matunda yaliyokaukia mtini mpaka yakawa ya kahawia na kuanza kupasuka. Yafungue umevaa glavu, maana vinyweleo vyake vinachoma vidole siku nzima. Loweka mbegu usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Asubuhi zinazoelea mwaga, zilizovimba panda siku hiyohiyo. Hazikosi chache zilizobaki ngumu kama changarawe: hizo zikwaruze kidogo kwa msasa, uziloweke tena.

2. Tuta. Hapa ndipo wengi tunapofeli. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa, nilikuwa nimepanda sesa, yaani bila matuta, upande wa chini karibu na matete. Maji hayakuonekana juu, yalipanda kutokea chini. Miche ikawa inasinyaa mchana kama yenye kiu, nami nikazidi kuimwagilia! Nilipong'oa mmoja, mzizi ulikuwa mweusi na ganda lake likanibaki mkononi.

Siku hizi nachimba kwanza shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, narudi kesho yake. Nikikuta maji yamesimama, nahama. Nikikuta ubichi tu, nainua matuta kama ya viazi vitamu, yafike karibu na goti, na kuchanganya samadi iliyooza vizuri. Na kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

3. Kupanda. Mvua za vuli zikishakolea, weka mbegu 3 kila shimo, kina cha sentimita 2, sentimita 60 kati ya shina na shina, mita 1 kati ya tuta na tuta. Ndani ya wiki zimeota. Zikifika shibiri moja, bakiza mche mmoja wenye nguvu.

4. Matunzo. Mche ukifika gotini, kata kilele ili utoe matawi. Palilia mpaka uifunike ardhi wenyewe. Usipande palipotoka bamia au pamba, magonjwa na wadudu wao ni walewale. Kangambili, wale wekundu wanaotembea wawili wawili, nawakung'utia asubuhi kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

5. Kuvuna. Ua lenyewe ni la manjano hafifu lenye jicho jeusi-jekundu, na hudumu siku moja tu. Tunachokunywa ni kikombe kinachobaki kulizunguka tunda. Wiki mbili au tatu baadaye kikinenepa na kuvunjika kwa urahisi, kata. Sukuma tunda litoke kwa kipande cha bomba jembamba, kisha anika kwenye kichanja kivulini. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo usishtuke.

Ila kichanja kiwe mbali na cha dagaa. Mimi nilianika jirani na mwenzangu mvuvi, na juisi ile hata watoto waliikataa.