Nishani za babu wa Keya: usimlipe mtu kabla hujajua jina babu aliloandikiwa jeshini

Nimekaa Leicester miaka kumi na minne na nilijiona mjanja wa mambo ya huku. Nikalipa paundi 380 kwa nishani za babu ambazo si za babu. Naandika kwa wenzangu wa Moshi, Arusha na popote mlimani mlio ughaibuni, ili msipigwe palepale nilipopigwa mimi.

Kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, halina ubishi. Kwetu Kibosho walimwita Bama, yaani Burma, mpaka anazikwa. Lakini nishani zake hatukuziona. Shangazi anasema watoto walizichezea migombani zikapotea, baba mdogo anasema ziliuzwa mwaka wa njaa. Nikajitapa kwamba nitazitafuta huku zilikotoka.

Nikaweka swali mtandaoni na jina la babu likiwa na ukoo, kama lilivyo kwenye pasipoti yangu. Siku ya tatu akajitokeza mtafiti wa kulipwa, mpole sana, mwenye Kiingereza cha kukubembeleza. Akanitumia karatasi iliyopigwa chapa vizuri: namba ya jeshi, kikosi, na nishani nne, yaani Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma na Nishani ya Vita. Na kwa bahati ya ajabu, akasema, seti yenyewe imerudi sokoni. Nikalipa. Zikaja kwenye kisanduku cha mahameli, nikampa mtu aliyekuwa anakwenda Krismasi. Nyumbani ndafu ikachomwa, mbege ikanywewa, baba mdogo akazivaa kanisani.

Sasa sikiliza vizuri. Nyota za Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina la mtu. Geuza nyuma uone: patupu. Za Vita Kuu ya Kwanza ni tofauti, ile ya madini ya fedha na ile ya ushindi zina jina na namba pembeni kwenye ukingo, kwa hiyo kama mzee wako alikuwa Keya wa 1914–18 angalia ukingo kwanza. Lakini nyota ya 1939–45 ni kama koti la mtumba pale Kiborloni. Nani atakuambia lilivaliwa na nani? Zipo kwa maelfu minadani, na mtu yeyote anaweza kuzipanga kwenye kisanduku akakuandikia karatasi. Nishani isiyo na jina haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni namba ya jeshi na hati yenye namba hiyo. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa mara moja nikapuuza: usinunue nishani kabla ya namba.

Na namba huipati bila jina, hapo ndipo shimo lenyewe lilipo. Jina la babu unalolijua wewe si lazima liwe jina alilolijua karani wa jeshi. Askari wengi waliandikwa kwa jina lao la nyumbani, kisha "mwana wa", kisha jina la baba. Ukoo haumo. Jina la ubatizo huenda halimo. Na tahajia ni ya sikio la karani, Massawe anaweza kuwa na s moja, Lyimo akapoteza y. Ukitafuta kwa ukoo utampata mtu, ndiyo, ila ni babu wa mwingine.

Kilichoniumbua ni daftari la parokia. Shangazi, ambaye hakuwahi kuziamini zile nishani, alikwenda parokiani akaomba ukurasa wa babu. Alibatizwa mtu mzima, Agosti 1941, jina la Kikristo likaongezwa siku hiyo. Karatasi ya mtafiti inasema mwaka huo mzima alikuwa Abisinia (Ethiopia ya leo), na ndiyo maana ana Nyota ya Afrika. Yaani babu yuko kisimani pa ubatizo Kibosho na papo hapo anawafukuza Waitaliano! Nilimwandikia mtafiti. Mpaka leo kimya.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Mtume mtu parokiani au usharikani, aulize jina la kabla ya ubatizo na jina la baba. Mwambie afungue masanduku ya bibi atafute kitabu cha kuachishwa jeshi, barua, hata picha yenye maandishi nyuma. Kazi hii ifanywe na shangazi, si na mjomba mwenye haraka.

Mengine ni mepesi. Gazeti rasmi la London Gazette linatafutika bure mtandaoni. Hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew ina fungu WO 373 (WO ni Wizara ya Vita ya zamani) la mapendekezo ya tuzo za ushujaa, lakini hilo ni la walioteuliwa kwa tendo fulani, nyota za kawaida hazimo. Kadi za nishani za vita ya kwanza ziko WO 372. Shajara za vikosi vilivyokuwa Burma, pamoja na 26 na 36 vya Tanganyika, ziko WO 172. Zinakueleza kikosi kilikuwa wapi siku gani, ila askari wa kawaida hawatajwi sana kwa majina. Aliyefia vitani tafuta kwa tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa nako kapige hodi.

Wenyeji wa huku wananishangaza. Novemba inapofika kila koti lina ua jekundu la kuwakumbuka waliofia vitani, na jirani yangu ana nishani za babu yake ukutani pamoja na barua ya kamanda. Babu yake aliandikwa vizuri, basi. Wetu walilipwa kiinua mgongo kilichopimwa kwa cheo, muda na rangi ya ngozi. Tume hiyohiyo ya makaburi ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu wa vita ya kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Halafu unaambiwa ulete jina kamili na tarehe ya kuzaliwa.

Na ninyi ndugu zangu mnaonipigia simu kuulizia fidia ya babu: hakuna fidia. Msaada uliopo, ule wa shirikisho la maveterani wa Jumuiya ya Madola, ni wa mzee aliye hai au mjane wa aliyefariki. Mjukuu haridhi kitu. Anayewaomba elfu hamsini ya "kufungua faili" anawaibia. Tena nishani za marehemu huvaliwa kifua cha kulia, cha kushoto ni cha aliyepigana mwenyewe.

Nimemweleza baba mdogo yote haya. Kisanduku bado kiko sebuleni, juu ya televisheni. Anasema kama babu alifika Bama kweli, tatu kati ya hizo nne alizistahili. Nimemwomba angalau aitoe ile ya Afrika. Hajaitoa.