Una jiko jipya? Fungua mdomo baada ya kupeleka ombi

Duka langu la steshenari liko Ngamiani hapa Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba, na siku hizi kazi ya kujaza maombi ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, inanishughulisha kuliko kutoa kopi. Wateja wake nishawajua. Mara nyingi ni fundi wa kuchomelea mwenye jiko banifu lake, au kijana anayetengeneza mkaa mbadala kwa mabaki ya mkonge yanayotoka korona, mashine ya kutenganisha singa na jani. Mali ghafi hiyo Tanga haiishi: jani la mkonge hutoa singa kidogo tu, asilimia 4 hivi ya uzito wake, na kinachobaki ni taka. Kule Hale walishajenga mtambo wa kuigeuza taka hiyo kuwa gesi na umeme.

Akifika anasema, "Dada, nataka kusajili." Nami humuuliza, kusajili nini? Maana jina la biashara ni kitu kimoja, alama ya biashara kingine, hataza kingine kabisa. Cheti cha jina la biashara kinakuruhusu kufanya kazi kwa jina hilo na kufungua akaunti benki. Hakimzuii mtu wa Muheza kubandika nembo yako kwenye mifuko yake. Alama ya biashara ndiyo inayolinda jina na nembo iliyo kwenye bidhaa. Hataza inalinda uvumbuzi wenyewe, yaani namna kitu kinavyofanya kazi. Vyote vitatu viko BRELA. Ukiwa na kitabu au wimbo, huko ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, usinipotezee karatasi.

Tuanze na hataza, maana ndiyo inayoharibiwa na domo. Uvumbuzi lazima uwe mpya, uwe na hatua ya kibunifu ambayo fundi mwenzako asingeifikia kirahisi, na uweze kutengenezwa au kutumika kiwandani. Upya ndio unaowaponza watu. Umelionyesha jiko Sabasaba, umeweka video kwenye simu, umeeleza kila tundu la hewa lilipo: umeshampa mpinzani hoja kwamba jambo hilo lilikuwa hadharani. Peleka ombi kwanza, halafu nenda hata MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, ukashindane. Kabla ya hapo, anayekukatia bati na anayetaka kukukopesha mtaji watie saini mkataba wa kutunza siri. Ukurasa mmoja unatosha.

Kabla hujatoa hela, tafuta. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la milki bunifu, lina hifadhidata ya bure inayoitwa Patentscope. Andika kwa Kiingereza kile jiko lako linachofanya, si jina ulilolipa, kisha angalia michoro. Majiko ya kupunguza moshi yamevumbuliwa tangu zamani na watu wa kila bara, kwa hiyo usishangae ukilikuta la kwako kule. Wengine hapo hukata tamaa, nami huwaambia wasome vizuri. Hataza hulinda katika nchi ilikosajiliwa tu. Mtambo uliosajiliwa Ujerumani peke yake, bila kusajiliwa Tanzania wala kupitia ARIPO, shirika la milki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, kwa kuitaja Tanzania, unaweza kuutengeneza na kuuuza hapa Tanga bila kuvunja hataza ya mtu. Huwezi kusema ni uvumbuzi wako, wala kuupeleka ukauuze Ujerumani. Hataza iliyokwisha muda nayo ni halali ya wote. Kwa fundi wa nishati safi hiyo ni shule ya bure, na michoro imo.

Ukiona bado una jambo jipya, andaa maelezo, michoro, muhtasari na madai. Madai ndiyo moyo wa ombi: ndiyo yanayosema mpaka wako unaishia wapi. Ukiyaandika mapana mno yatakataliwa, ukiyabana mno jirani atahamisha tundu moja na kukupita. Mimi madai siyaandiki. Hapo tafuta wakala wa hataza, hata kama itabidi uuze mbuzi.

Kuanzia siku ya ombi la kwanza una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukahesabiwa tarehe ileile. Mwenye wateja Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, aifikirie ARIPO yenye makao yake Harare: ombi moja linaweza kuitaja Tanzania, Kenya na Uganda pamoja. Na hataza ina ada ya kila mwaka, usipolipa, inakufa.

Sasa niseme ninavyoona mimi: wengi wenu mnahitaji alama kuliko hataza. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kwa hiyo majiko yatajaa sokoni, na mama wa Makorora atachagua kwa jina analoliamini. Jina lenyewe lisiwe maelezo ya bidhaa. "Mkaa Safi" au "Jiko Bora Tanga" utakataliwa, maana kila muuzaji ana haki ya kusema hivyo. Kisha chagua klasi, yaani kundi la bidhaa: majiko ni ya 11, mkaa wenyewe wa 4, mashine ya kuukandamiza 7. Kila klasi ina ombi lake na ada yake. Alama ikikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na watu wana siku 60 za kupinga. Ikipita, inadumu miaka 7, halafu unaihuisha kwa miaka 10 kila mara.

Wanaopakia mizigo kwenda Pemba: usajili wa BRELA haufiki huko. Zanzibar ina wakala wake wa usajili, BPRA, na unaomba upya.

Ombi linafanyika kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Njoo na namba ya NIDA, picha ya nembo iliyo safi, na barua pepe yako mwenyewe. Usikubali mtu wa steshenari, hata mimi, akufungulie akaunti kwa barua pepe yake na simu yake. Taarifa zote za ombi zitaingia huko, na siku akifunga duka hutajua hata kama kuna pingamizi.