Antibayotiki ya unga ya mtoto: namna ya kuichanganya, kuipima na kuimaliza

Wiki iliyopita, baada ya sala ya isha, mama mmoja wa Konde alinipigia simu. "Daktari, ile dawa ya mtoto imeshuka sana chini ya mstari. Nimeshampa mara mbili. Niongeze maji?"

Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa hapa Wete, si daktari, lakini swali lake nililijua vizuri. Nilimwambia asiongeze hata tone, anipigie picha ya chupa anitumie. Tulikaa kwenye simu karibu nusu saa. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyotamani angeambiwa kabla hajatoka na dawa mkononi.

Hatua ya 1: Jua umepewa nini

Antibayotiki, au viuavijasumu, huua bakteria au huwazuia wasizaane. Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na virusi hawashughuliki na dawa hizi. Mtoto anayeharisha maji anahitaji ORS na zinki. Antibayotiki hutolewa pale tu kinyesi kinapokuwa na damu, au daktari akishuku kipindupindu.

Inayotoka zaidi dukani ni amoksisilini: nimonia, maumivu ya sikio, koo lenye usaha. Ikiongezwa asidi ya klavulani hupata nguvu juu ya bakteria waliojifunza kuivunja amoksisilini peke yake. Sefaleksini hutumika sana kwa majipu na maambukizi ya ngozi, na kwa njia ya mkojo. Erithromaisini na azithromaisini huandikiwa mara nyingi wale ambao miili yao inaikataa penisilini. Kotrimoksazoli ndiyo septrini. Metronidazoli ndiyo flajili, ya amiba na giadia, na pia majipu ya meno.

Kama mtoto aliwahi kuvimba au kutoka vipele baada ya sindano ya penisilini au baada ya kupewa Ampiclox, liseme hilo kabla hujapokea chochote. Ampiclox ni ampisilini na kloksasilini, na zote mbili pamoja na amoksisilini ni ukoo mmoja na penisilini. Usimwambie mtoa dawa "nipe ile ya rangi mbili". Rangi ya kapsuli huchaguliwa na kiwanda, na dawa mbili tofauti kabisa zinaweza kuvaa rangi zilezile.

Hatua ya 2: Maji

Yachemshe, yafunike, yaache yapoe kabisa. Maji ya moto huweza kuiharibu dawa. Maji ya kisima hayafai bila kuchemshwa, hata kama nyumba nzima mnayanywa na hamjaumwa.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Hapa ndipo nitakapokaa.

Miaka yangu ya mwanzo dukani alikuja mama kutoka Kojani, na mashua ilikuwa inakaribia kuondoka. Nilifungua chupa, nikamimina maji mpaka kwenye mstari kwa mkupuo mmoja, nikafunga, nikasukasuka mara tatu nne, nikampa. Siku ya nne alirudi na mtoto, homa haijatoka. Niliigeuza ile chupa nikaona chini kuna donge la unga lililoganda. Siku zote nne mtoto alikuwa anakunywa maji yenye ladha ya dawa, na dawa yenyewe imekaa chini inamngoja. Tulimpeleka hospitali siku ileile, akapona, lakini mimi sikulala vizuri.

Jioni ya kesho yake nilifunga duka, nikachukua chupa zilizokwisha muda wake ambazo zilikuwa zimetengwa, nikazichanganya moja moja, kila moja kwa namna yake, mpaka usiku ukaingia. Utaratibu ninaoufuata mpaka leo ulitoka kwenye meza ile.

Kwanza, kabla ya kufungua, igeuze chupa kichwa chini na uigongegonge kwenye kiganja mpaka uone unga wote unatembea. Unga uliokaa kwenye boksi miezi mingi hushikamana chini na kwenye mabega ya chupa. Usipoulegeza ukiwa mkavu, maji hulowesha juu tu na donge linajifunga.

Pili, tafuta mstari. Upo kwenye lebo kama mshale, au umechorwa kwenye chupa yenyewe. Chupa nyingine hazina mstari, bali maandishi yanataja ujazo wa maji ya kuongeza. Hapo pima maji kwa bomba la sindano, usikisie. Na usidhani chupa ya ml 100 inataka maji ml 100. Unga nao una nafasi yake, kwa hiyo maji huwa pungufu. Baadhi ya maboksi huja na kichupa cha maji ndani. Hayo yamepimwa na kiwanda, mimina yote.

Tatu, tia maji kama nusu ya yale yanayotakiwa, funga, kisha sukasuka kwa nguvu, ukiigeuza juu chini, mpaka usione donge. Mimi hufanya dakika nzima, na kwa chupa mbishi zaidi. Halafu iweke mezani.

Nne, ngoja povu lishuke. Hiki ndicho kilichomkuta mama wa Konde. Ukishasukasuka, juu panajaa povu, na ukiongeza maji wakati ule utaona umefika mstarini, kumbe kilichofika ni povu. Likishapasuka, dawa inaonekana imeshuka. Ngoja dakika tano, inama mpaka macho yawe sawasawa na mstari, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Funga, tikisa tena, ngoja tena, angalia tena. Ikiwa bado ipo chini, ongeza. Rudia mpaka mstari na dawa vikubaliane bila povu kati yao.

Kwa nini nasumbuka hivi kwa kitu cha upana wa kidole? Chukua chupa ya ml 100 iliyoandikwa mg 125 kwa kila ml 5. Ndani yake mna mg 2500 za amoksisilini. Ukiishia kwenye ml 70, kila ml 5 itabeba karibu mg 179. Ukipitisha mpaka ml 120, kila ml 5 itakuwa na mg 104 tu. Kijiko ni kilekile na mtoto ni yuleyule, ila dawa imeshabadilika.

Ukipitisha mstari, usimwage ya juu ili irudi palepale. Utakuwa umemwaga dawa, na iliyobaki ni nyepesi vilevile. Rudi ulikonunua. Ukipunguza maji, unaweza kuongeza ikiwa bado hujampa mtoto hata kijiko kimoja. Ukishaanza kumpa, mstari haukuambii kitu tena, kwa sababu dawa imeshapungua na unga pia umeshatoka nayo.

Basi yule mama nilimhesabia hivi. Alikuwa ametoa ml 5 mara mbili, yaani ml 10. Kwa picha, nilikadiria iliyobaki ni kama ml 80. Kwa hiyo mwanzo aliichanganya kwenye ml 90 badala ya 100, na kila ml 5 ilikuwa na karibu mg 139 badala ya 125. Kwa amoksisilini na kwa uzito wa mtoto wake tofauti hiyo haina madhara. Dozi yake ilikuwa ml 5 mara tatu kwa siku tano, jumla ml 75, na chupa inatosha. Nikamwambia aendelee vilevile. Angeongeza maji, siku zote zilizobaki mtoto angepewa dawa nyepesi kuliko alivyoandikiwa.

Ushauri wangu kwa kila mzazi: mwambie mtoa dawa akuchanganyie palepale, na umtazame akingoja povu. Akikupa chupa yenye unga aseme ukachanganye nyumbani, muulize mstari uko wapi. Na kama nyumbani huna friji na njia ni ndefu, uliza kama ipo amoksisilini ya vidonge vinavyoyeyuka, mg 250. Kidonge unakiyeyusha kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama wakati wa kumpa tu. Kwa nimonia ya watoto wadogo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, na mimi navipenda kuliko chupa yoyote, maana havina mstari wala povu.

Hatua ya 4: Kupima

Tumia bomba lisilo na sindano, au kikombe kidogo kilichokuja na boksi. Vijiko vya chai havilingani: nimevipima vya nyumbani kwangu na hakuna viwili vilivyofanana. Tikisa chupa kila mara kabla ya kuvuta, hata usiku ukiwa umechoka. Mpe mtoto kwa upande wa shavu, taratibu, asipaliwe.

Angalia namba kwenye boksi kila unaponunua chupa nyingine. Amoksisilini ya mg 125 na ya mg 250 zinaweza kuwa na jina moja na harufu moja. Ukitoka ya 125 ukaingia ya 250 na kuendelea na ml zilezile, umempa dozi maradufu.

Piga hesabu ya chupa mapema. Ml 5 mara tatu kwa siku saba ni ml 105, na chupa ni ya ml 100. Siku ya saba usiku hutakuwa na dawa.

Hatua ya 5: Saa

Mara tatu maana yake ni kila saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mara mbili ni kila saa kumi na mbili. Ukisahau, mpe ukikumbuka, lakini ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, iache iliyopita. Usimpe mbili pamoja. Akitapika kabla ya nusu saa, mrudishie dozi ileile. Nusu saa ikishapita, ngoja ya zamu yake.

Kwa wakubwa, na watoto wanaoanza kufunga Ramadhani: dawa ya mara mbili huweza kukaa kati ya futari na daku, ya kila saa nane haiwezi. Naona watu wanaisukuma yote usiku, saa tatu tatu, na inaniumiza. Mwambie anayekuandikia kwamba umefunga ili aangalie kama ipo ya mara moja au mbili. Na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Iliyochanganywa na asidi ya klavulani lazima ikae kwenye friji, si kwenye barafu. Sefaleksini nayo friji. Azithromaisini haihitaji. Amoksisilini ya kawaida hupendelea friji lakini husitahimili pahala penye ubaridi na kivuli. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye lebo kwa kalamu. Nyingi hudumu siku 7, nyingine zaidi, fuata lebo. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo.

Hatua ya 7: Madhara

Kuharisha kidogo na tumbo kujaa ni kawaida, hasa kwa amoksisilini na zaidi ikiwa na asidi ya klavulani. Mpe pamoja na chakula, mnywesheni maji, endelea. Utando mweupe mdomoni au wekundu kwenye nepi ni fangasi wanaopata nafasi bakteria wazuri wakipungua. Mlete atibiwe, usiikate dozi mwenyewe. Erithromaisini husokota tumbo. Metronidazoli huacha ladha ya chuma na inaweza kuufanya mkojo uwe mweusi kama chai ya rangi; hilo lisikutishe.

Haya yasingoje asubuhi: midomo au uso kuvimba, kupumua kwa shida, vipele vilivyovimba vinavyowasha mwili mzima muda mfupi baada ya dawa. Acha dawa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa septrini, ukiona ngozi inachubuka au vidonda mdomoni na machoni, vivyo hivyo. Kuharisha damu au kuharisha sana, nenda pia.

Dawa za wakubwa zisimfikie mtoto. Doksisaiklini huchafua meno yanayoota, kwa hiyo chini ya miaka minane na mjamzito hupewa kwa amri ya daktari tu. Mkubwa anayeimeza anywe glasi nzima ya maji na asilale nusu saa, la sivyo inaunguza umio, na ajikinge na jua. Siprofloksasini haiendi pamoja na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, na maumivu ya ghafla nyuma ya kisigino ni sababu ya kuiacha na kumwona daktari.

Hatua ya 8: Siku ya mwisho

Homa ikitoka siku ya pili, endelea mpaka siku ulizoandikiwa ziishe. Homa isipopungua baada ya siku mbili, mrudishe mtoto akapimwe, usiongeze dozi.

Iliyobaki hairudi kabatini. Irudishe dukani. Ukiwa mbali, ichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, tupa taka. Mama wa Konde alimaliza siku zake tano juzi, zikabaki kama ml 15, akaniuliza kama amwekee mdogo wake ambaye naye ameanza kukohoa. Nilimwambia amlete mdogo kwanza, tumhesabu anavyopumua. Amekuja leo asubuhi, mtoto ana mafua tu, na ile chupa ameniachia.