Kuanza Biashara Ndogo ya Asali Tabora: Pima kwa Kilo Kabla ya Kupanga Bei

Mkazi wa Tabora anayetafuta biashara ya kuanza kwa mtaji mdogo hana sababu ya kutazama mbali, kwa kuwa misitu ya miombo ya Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua hutoa asali ambayo wanunuzi wa mikoa mingine huiulizia kwa jina la Tabora. Hata hivyo, nimeona watu wenye bidii wakinunua ndoo mbili au tatu, wakajaza chupa, wakauza zote, kisha mwisho wa msimu wakakuta fedha iliyobaki haitoshi kununulia ndoo zilezile walizoanza nazo. Wengi hulaumu soko. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi kosa huwa katika kipimo, na ndiyo maana ninaanza hapo kabla ya kuzungumzia leseni wala lebo.

Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita moja ya asali iliyoiva ina takriban kilo 1.4, na kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hubeba karibu kilo 28. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba umenunua ndoo hiyo kwa shilingi 160,000, usafiri umegharimu 15,000, na baada ya kuchuja umebakiwa na kilo 27. Ukifungasha katika chupa za nusu kilo utapata chupa 54. Ikiwa chupa tupu na lebo yake ni shilingi 650, utatumia 35,100, na gharama zote zitafika 210,100. Ukiuza kila chupa kwa 5,000 utapata 270,000, na ziada itakuwa 59,900 kabla ya kuhesabu jasho lako.

Sasa tazama kinachotokea ukitumia chupa za nusu lita ukidhani ni nusu kilo. Kila chupa itabeba kilo 0.7, kwa hiyo ndoo ileile itatoa chupa 38 tu. Kwa bei ileile ya 5,000 utapata 190,000, ilhali gharama zako, hata baada ya kupunguza idadi ya chupa, zitakuwa 199,700. Umeuza asali yote, wateja wamefurahi, nawe umepata hasara ya shilingi 9,700 bila kuiona, kwa sababu fedha ilikuwa ikiingia kila siku. Nunua mizani kabla ya kununua asali, nayo iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Unapokwenda kijijini, pima ndoo tupu kwanza, kisha ndoo iliyojaa, na mpatane bei ya kilo na mfugaji wa nyuki badala ya bei ya ndoo, maana ndoo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa kilo mbili au tatu. Utaratibu huu humlinda mfugaji pia, na mfugaji aliyetendewa haki ndiye atakayekuwekea asali nzuri msimu ujao.

Jambo la pili ni maji yaliyomo ndani ya asali. Katika msimu wangu wa kwanza nilinunua ndoo mbili wakati wa mvua, kutoka kwa muuzaji niliyekutana naye njiani, bila kuuliza ilivunwa lini wala vipi. Baada ya wiki chache mfuniko wa ndoo moja ulituna, na nilipoufungua povu lilipanda pamoja na harufu ya pombe. Ndoo hiyo ilipotea yote, na karibu nusu ya mtaji wangu ilikwenda nayo. Asali huchacha pale maji yanapozidi, na viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka kwa kawaida yasipite asilimia 20. Kifaa cha kupimia, kinachoitwa refraktometa, huhitaji tone moja tu, na wafanyabiashara watatu au wanne wanaweza kuchangia kimoja. Kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa katika asali, kama wengi wafanyavyo, hakuthibitishi kwamba asali ni halisi. Ulinzi mkubwa huanzia mzingani: mwombe mfugaji avune masega ambayo nyuki wamekwisha kuyafunika kwa nta kwa sehemu kubwa, na masega yenye majana (watoto wa nyuki) au chavua nyingi ayatenge. Asali iliyovunwa kwa moto mkali hubaki na ladha ya moshi ambayo hakuna chujio litakaloiondoa, kwa hiyo ionje kabla ya kulipa.

Ukifika nyumbani, chuja kwa kitambaa safi na kikavu, uiache itulie siku mbili au tatu katika chombo chenye mfuniko ili mapovu na mabaki ya nta yapande juu, kisha ndipo ujaze chupa. Asali hunyonya unyevu wa hewani, hivyo usiiache wazi hata usiku mmoja, na chupa ulizoziosha zikauke kabisa. Kwa kuwa ina tindikali, tumia vyombo vya plastiki vinavyofaa kwa chakula au vya chuma kisichoshika kutu, wala usitumie mapipa yaliyowahi kubeba dawa au mafuta. Usiichemshe. Ikiganda, mweleze mteja kwamba kuganda ni tabia ya asali na si dalili ya sukari iliyoongezwa, na chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 40 italainika polepole. Kwenye lebo andika uzito halisi, mahali ilikotoka na tarehe ya kufungasha, pamoja na onyo kwamba mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto wa umri huo.

Kuhusu taratibu za serikali, namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) bila malipo, jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na leseni huombwa katika halmashauri. Usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na kwa kuwa mazao ya nyuki yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), pita ofisi yao kabla ya kusafirisha mzigo nje ya wilaya. SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, hufundisha usindikaji na ufungashaji. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio katika vikundi wanaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ushauri wangu ni kwamba mkopo huo uuombe baada ya kuuza angalau ndoo moja kwa fedha yako, ukiwa na daftari la hesabu mkononi.

Masega yaliyokamuliwa yasitupwe. Yayeyushe katika maji ya moto juu ya moto mdogo, yachuje kwa gunia safi, kisha acha maji yapoe: nta itaganda juu kama sahani, nayo ina wanunuzi miongoni mwa watengenezaji wa mishumaa, sabuni na mafuta ya kupaka. Mimi fedha ya nta siichanganyi na ya chupa. Huiweka kando tangu katikati ya mwaka, mvua zikiwa zimekatika na asali ikiwa nyingi, na ndiyo inayonunua chupa za msimu unaofuata.