Namna ya Kuandaa Matumaini Yako Kabla ya Fainali ya Kriketi, Ukiwa Moshi

Shabiki wa kriketi anayeishi Moshi hana kibanda umiza cha kumkutanisha na wenzake. Wiki ya fainali ikifika, vijiwe vya bodaboda na meza za kahawa huendelea kuzungumza Simba na Yanga, naye hubaki na matumaini yake peke yake, kama mtu aliyeteka maji kwa viganja na nyumbani bado ni mbali. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Haumfundishi kanuni za mchezo, kwa kuwa nachukulia kwamba anajua ova ina mipira sita na kwamba kila upande una wiketi kumi za kupoteza, yaani wapigaji kumi wa kutolewa. Unamwonyesha namna ya kuyabeba matumaini hayo katika siku tatu au nne zinazotangulia mechi, kwa kutumia chombo ambacho wahenga walikibebea mambo mazito kuliko mchezo, yaani hadithi za kale za mashujaa, miungu na milima.

Njia hii niliipata dukani. Kwa miaka kadhaa niliuza vitambaa katika duka moja karibu na soko la kati, na mwenye duka, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa hapa hapa Moshi, alinifundisha kriketi huku akipima mita na kukata. Wafanyakazi tulimwita Kaka, neno ambalo kwetu ni ndugu wa kiume na kwa Kigujarati ni baba mdogo, kwa hiyo kila upande ulisikia heshima iliyoutosha. Kurasa za nyuma za daftari la wadaiwa alizitumia kuandikia mechi: nukta kwa kila mpira usiozaa kitu, tarakimu kwa kila uliozaa mikimbio, ambayo ndiyo alama za mchezo, na msalaba wa wino mwekundu kwa kila wiketi iliyoanguka. Ni yeye aliyeniambia kwamba kabla ya fainali shabiki hana timu ya kuchagua, maana timu alishaichagua zamani. Kinachobaki ni kuchagua hadithi.

Basi anza hapo, na uanze mapema, kabla manahodha hawajarushiwa shilingi. Jiulize timu yako inaingia fainali ikiwa nani. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu huchukua hadithi inayowapendeza badala ya ile inayowahusu, na Kaka mwenyewe, pamoja na uzee wake katika jambo hili, aliwahi kupotea vibaya. Tarehe 2 Aprili 2011 mjini Mumbai, India ilikutana na Sri Lanka katika fainali ya Kombe la Dunia. Kwa mtu aliyelelewa na Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu, mechi hiyo ilikuja na hadithi yake mkononi: Rama anavuka bahari kwenda Lanka kumkomboa mkewe Sita kutoka kwa Ravana mwenye vichwa kumi, akisaidiwa na Hanuman na jeshi la nyani. (Wasri Lanka wana masimulizi yao kuhusu Ravana, na si wote wanaomhesabu mwovu, jambo ambalo Kaka hakupenda kukumbushwa.) India ilishinda kwa wiketi 6, na nahodha Mahendra Singh Dhoni akafunga kazi kwa kupiga sita, mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini, akiwa na mikimbio 91 bila kutolewa. Tangu siku hiyo mzee aliamini kwamba kila fainali ya India ni safari ya Lanka.

Mwaka 2023 imani hiyo ilimponza. India ilifika fainali ya Ahmedabad ikiwa imeshinda mechi zote 10, na siku yenyewe, Jumapili ya tarehe 19 Novemba, ilikuwa wiki moja tu baada ya Diwali, sikukuu ambayo Wahindu wengi huwasha taa kukumbuka Rama aliporudi nyumbani akiwa mshindi. Taa za udongo zilikuwa bado zimepangwa kwenye ngazi za nyumba ya Kaka, naye hakutaka ziondolewe mpaka kombe lifike. Australia walishinda shilingi wakachagua kurusha kwanza. India walipata mikimbio 80 katika ova 10 za mwanzo, kisha wakakwama: K. L. Rahul alikabili mipira 107, akapata 66, na katika mipira yote hiyo mmoja tu ndio uliofika mpakani. Walitolewa wote kwa mikimbio 240. Travis Head akapiga 137, na Australia wakashinda kwa wiketi 6, ova saba zikiwa zimebaki. Jioni ile Kaka alizikusanya taa mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazitia kwenye boksi la jora.

Hadithi iliyomfaa siku ile haikuwa ya Rama. Ilikuwa ya kwetu, ya Fumo Liyongo. Kila aliyesoma shule hapa nchini anamjua: shujaa wa pwani ambaye mkuki haukumwingia wala mshale, mpaka mwanawe mwenyewe, akiwa amerubuniwa na mfalme wa Pate, alipomdadisi siri ya mwili wake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Timu iliyoshinda mara 10 mfululizo ni Liyongo. Swali linalomfaa shabiki wake si kama ina nguvu, kwa sababu nguvu zake zimeonekana na kila mtu. Swali ni kitovu kiko wapi. Kwa India ya 2023 kilikuwa katika kiwanja kizito, ambacho mpira ukizeeka haumfikii mpigaji kwa kasi anayoitaka. Wapinzani walikiona kabla yetu.

Nilipomsimulia Kaka habari za Liyongo, hakushangaa hata kidogo. Alichukua mita yake ya mbao akajipiga nayo pajani, akasema kwamba kwao mtu huyo anaitwa Duryodhana. Katika masimulizi ya Mahabharata, utenzi mwingine wa Wahindu, yanayopendwa na watu, mama yake Gandhari, aliyeishi amejifunga kitambaa machoni kwa miaka mingi, alikifungua ili nguvu za macho yake ziufanye mwili wa mwanawe kuwa chuma. Lakini kijana aliona haya kusimama uchi mbele ya mama, akajisitiri kwa jani la mgomba, na mapaja yakabaki nyama. Bhima, adui yake, akamvunja paja kwa rungu. Sisi tunaoishi katikati ya migomba tunaweza kuliona jani hilo vizuri zaidi kuliko wengi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kipande cha karatasi, andika kitovu cha timu yako kwa sentensi moja, bila huruma, kisha kikunje ukiweke mahali utakapokiona siku ya mechi. Usiandike maneno ya jumla kama presha, au bahati mbaya. Andika jambo linaloonekana kwa macho: mpigaji fulani hutolewa na warushaji wa mkono wa kushoto, ova za kumi na moja hadi arobaini hatufiki mpakani, mdakaji wetu wa upande wa jua hudondosha mipira. Ukishindwa kabisa kukiona kitovu, hiyo ni dalili kwamba unampenda Liyongo kiasi cha kutotaka kumkagua, na hapo ni afadhali umwombe mtu wa timu pinzani akuandikie.

Kuna wakati timu yako si Liyongo bali ni Mawenzi, na hili linahitaji uaminifu zaidi kulikiri. Wachaga husimulia juu ya vilele viwili vya Kilimanjaro, Mawenzi na Kibo, kwamba Mawenzi moto wake ulizimika, akaenda kuomba kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa moto na ndizi juu yake. Alipoona ukarimu umekuwa mwepesi, aliuzima moto makusudi akarudi tena, na akapewa tena. Mara ya tatu Kibo alimpiga kwa mchi ule ule wa kutwangia, na ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechongoka na kumeguka mpaka leo. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama popote mjini Moshi na kutazama mlimani, utawaona wote wawili, mpigaji na mpigwaji.

Nakiri kwamba mwaka 2024 nilikuwa chini ya mlima huo na sikuona kitu. Katika Kombe la Dunia la ova 20, mimi kwa Uafrika tu niliwaombea Afrika Kusini, ambao walikuwa wanafika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume kwa mara ya kwanza. Njiani waliwashinda Bangladesh kwa mikimbio 4 na Nepal kwa mkimbio 1. Huo ulikuwa moto wa kuazima, na uliazimwa zaidi ya mara moja. Nami nilihesabu ushindi badala ya kuhesabu safari za kwenda kwa Kibo. Hatua hii basi ni fupi: pitia mechi za timu yako tangu mwanzo wa mashindano, na kwa kila ushindi jiulize kama moto ulikuwa wake au wa jirani.

Fainali yenyewe ilichezwa Bridgetown, Barbados, tarehe 29 Juni, na kwetu ilianza saa 11:30 jioni, kwa hiyo tulifunga duka tukapanda sebuleni kwa Kaka. Safari hii hakuzungumzia Lanka. Alikuwa amechagua hadithi ya kusuka bahari: miungu na mahasimu wao wanauzungusha mlima Mandara ndani ya bahari ya maziwa, kwa kamba ya nyoka Vasuki, kama mama wa Kimaasai anavyokisuka kibuyu ili apate siagi, wakitafuta maji ya uhai. Kinachotangulia kutoka si uhai. Ni sumu inayoweza kuumaliza ulimwengu, na mungu Shiva anaimeza na kuizuia kooni, koo likawa la buluu. India walipata 176. Heinrich Klaasen akaanza kuwachapa, akafika 52 kwa mipira 27, na ikabaki mikimbio 30 kwa mipira 30, kazi ambayo hata timu ya shule ingeimaliza. Nikaanza kutabasamu kwa adabu, kama mtu anayekula kwenye nyumba ya msiba. Kaka alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. “Sumu ndiyo kwanza inatoka, mwanangu,” akasema. Klaasen akatolewa na Hardik Pandya. Ova ya mwisho ikaanza zikitakiwa 16. David Miller akaupiga mpira wa kwanza ukaenda juu, na Suryakumar Yadav akaudaka ukingoni mwa uwanja, akaurusha hewani akiwa anavuka mpaka, akarudi ndani akaudaka tena. Afrika Kusini walishindwa kwa mikimbio 7.

Mafunzo ya kiutendaji yaliyomo humo ni kwamba hadithi uliyoichagua inapaswa kuwa na mahali pa ubaya, na ujue mapema utakuwa umekaa vipi ubaya huo ukifika. Katika mechi ya ova 20, ubaya huja na kuondoka ndani ya ova mbili, na shabiki asiye na hadithi huzima runinga akaenda kulala.

Mechi ya siku tano ni jambo lingine kabisa, na hadithi yake inanipendeza kuliko zote. Liyongo alipofungwa gerezani, mama yake alimtuma mjakazi Saada na chakula, lakini walinzi walikula kila kilichokuwa kizuri. Liyongo akatunga wimbo uliomfikishia mama maagizo: oka mkate wa wishwa, utie tupa ndani. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau wakaupitisha, na usiku, ngoma ya gungu ikivuma nje na watu wakiimba, Liyongo alikata minyororo taratibu bila kusikika. Mwezi Juni 2025 pale uwanja wa Lord's, London, katika fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi za siku tano, Afrika Kusini walitolewa kwa 138 katika zamu yao ya kwanza dhidi ya Australia. Hiyo ilikuwa wishwa tupu, na nani angeitazama mara mbili? Katika zamu ya pili walitakiwa kufikisha 282. Aiden Markram akapiga 136, na nahodha Temba Bavuma, akichechemea kwa msuli wa paja ulioumia, akapata 66. Wakashinda kwa wiketi 5 siku ya nne, kombe lao la kwanza la mashindano ya dunia tangu 1998. Kwa mechi ya namna hii, usiandae kelele. Andaa subira ya kusikiliza tupa, na usiidharau alama ndogo ya siku ya kwanza.

Kuhusu mvua nitasema machache. Wamaasai wa upande wa Arusha humtaja Mungu wao, Engai, kwa sura mbili: Engai mweusi, mwenye mvua na neema, na Engai mwekundu, mwenye ukame na hasira. Katika kriketi majukumu yamegeuzwa: mweusi akijitokeza, waamuzi huwatoa wachezaji na hesabu za kompyuta huamua upya lengo la mikimbio. Angalia kama fainali ina siku ya akiba, basi.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Geuza saa mapema: mechi inayoanza saa nane mchana India, kwetu ni saa 5:30 asubuhi, na ukichelewa umekosa ova za mpira mpya, ambazo nusu ya hadithi huamuliwa humo. Lipia king'amuzi jana yake. Weka bando la akiba kwenye simu kwa ajili ya umeme kukatika. Na ile karatasi ya kitovu usiifungue kabla ya mapumziko ya kati.

Jambo la mwisho linahusu kumaliza. Liyongo alipochomwa sindano aliamka, akatwaa upinde, akapiga goti kisimani, akafia hapo na mshale umevutwa. Watu wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani yu hai. Wenye mji walikosea kwa kuchelewa, nami mwaka 2024 nilikosea kwa kuwahi. Mwamuzi akishaviondoa vijiti viwili vidogo vilivyolala juu ya nguzo za wiketi, hapo unaweza kuzima king'amuzi.