Koh Samui: mambo ya kuzingatia kabla hujafunga begi

Tangu niweke mtandaoni zile picha za safari naulizwa kuhusu Samui, kisiwa cha Thailand, kila wiki, na kila anayeuliza anaanza na bei ya hoteli. Hoteli iache mpaka mwisho. Nitakupangia kwa mpangilio wangu mimi, ule nilioupata kwa kuumia. Jambo jepesi nitalipita mbio.

Hati kwanza. Mtanzania anahitaji viza, na inaombwa mtandaoni kabla ya safari. Wale Wazungu unaowaona wakigongewa muhuri bila kuulizwa viza, usijifananishe nao. Pasi iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Kuna fomu ya kuingia nchini inaitwa TDAC, imeanza 1 Mei 2025. Inajazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikudai dola kwa fomu hiyo, umeingia kwa matapeli, toka.

Halafu kadi ya njano. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ziko kwenye orodha ya Thailand ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo cheti cha chanjo utaulizwa tu. Chanjo inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukichomwa Jumatatu ukapanda ndege Ijumaa, ulichobeba ni karatasi. Na ukifika Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji: tafuta kwanza dawati la afya, wakague kadi na kugonga muhuri wao. Mimi na wifi yangu tulisimama uhamiaji dakika 40, tukafika mbele, tukarudishwa nyuma kabisa kwa sababu ya muhuri huo. Wifi ni mtu wa Dodoma, haongei sana, lakini siku ile aliongea.

Sasa upepo. Hapa ndipo nilipopigwa, na mimi ni mtoto wa Tanga, sina pa kujitetea.

Nilisoma mtandaoni kwamba msimu mzuri wa Thailand ni Novemba mpaka Februari. Kweli kabisa, kwa Phuket. Phuket, kisiwa kingine cha huko, iko magharibi, kwenye Bahari ya Andaman, na mvua zake zinaanguka kuanzia Mei hadi Oktoba. Samui iko upande wa pili wa ile shingo nyembamba ya nchi, ndani ya Ghuba ya Thailand, na mvua zake kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Novemba ndiyo inashinda zote. Wanaoleta tofauti hiyo ni wenyeji wetu, pepo za kusi na kaskazi. Kusi likishavuka ikweta linapinda, linaipiga Thailand kutoka kusini magharibi, Phuket inalowa. Kaskazi likishika zamu linazoa unyevu baharini na kuumwaga upande wa mashariki, Samui inalowa. Babu yangu aliyesafiri na majahazi angeniambia hayo bila kushika simu. Mimi nilikuwa na simu mbili.

Bei ya msimu huo ilipaswa kunishtua. Hoteli ya ufukweni kabisa, Lamai, kwa nusu ya bei niliyoiona miezi mingine. Nikampigia: "Wifi, tumeokota dodo chini ya mnazi!" Hatukujiuliza dodo limefikaje pale.

Siku tatu mvua haikukata. Bahari ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, bendera nyekundu zimesimikwa ufukweni, na boti za kwenda Ang Thong, ile hifadhi ya visiwa 42 tuliyoifuata hasa, hazitoki. Tulikaa barazani tukicheza karata na kula ndizi za kukaanga. Siku ya nne jua likachomoza, na hamu ya kutoka ikatupeleka moja kwa moja kwenye duka la kukodisha skuta.

Mwenye duka alikuwa kijana mpole. Akaomba pasi, na hakutaka nakala, alitaka pasi yenyewe. Nikaitoa kama mtu anayeacha kitambulisho getini kwa mlinzi. Sikuipiga picha skuta. Leseni yangu ni daraja D, ya gari, na pikipiki ni daraja A ambalo sina. Hakuniuliza, na mimi kule kutoulizwa nikakuhesabu kuwa ni ruhusa. Kibaya zaidi, Thailand wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo unajiamini tangu dakika ya kwanza.

Barabara inayozunguka kisiwa ina urefu wa kama kilomita 50, na imetulia isipokuwa pale mvua iliposhusha mchanga kutoka vilimani. Tulikuwa tunaelekea Hua Thanon, kijiji cha wavuvi Waislamu, kutafuta samaki wa halali. Kwenye kona moja mchanga ulikuwa umetanda kama mtu ameumwaga kwa toroli. Nikashika breki ya mbele. Mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayetembea, lakini tairi ilienda kulia na sisi kushoto. Mimi nilichunika kiwiko. Wifi muundi wake uliangukia bomba la moshi, na alipoutoa, ngozi ilibaki kwenye bomba. Alama anayo mpaka leo, saizi ya kitumbua. Nesi wa zahanati alipoiona wala hakuuliza imetokana na nini. Alituonyesha kwa kidole wageni wengine wawili waliokaa kwenye benchi: mguu uleule, mahali palepale.

Zahanati ilitaka fedha taslimu. Nikapiga simu ya bima nikiwa na raha zangu, maana nilikatia bima ya safari iliyoshiba. Dada akanisikiliza, akanipa pole, akauliza: "Leseni ya pikipiki unayo?" Mazungumzo yakaishia hapo. Kwenye mkataba wao ilikuwa imeandikwa kwamba ukiendesha chombo usichokuwa na leseni yake, gharama ni zako. Nilikuwa nimetia saini bila kufika ukurasa ule.

Jioni tukarudisha skuta. Yule kijana mpole akachuchumaa na tochi, akahesabu mikwaruzo. Yetu ilikuwa miwili. Yeye alifika saba, mingine ina kutu ndani yake. Akaandika kwenye kikokotoo baht 15,000, baht ndiyo fedha yao, akanigeuzia nione. Nikapandisha sauti. Nilimwambia kila kitu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kadiri nilivyopanda ndivyo alivyozidi kutabasamu na kunyamaza, mpaka nikawa napigia kelele ukuta. Pasi ilikuwa kwenye droo nyuma yake, na ndege yetu ilikuwa kesho yake asubuhi.

Aliyetuokoa ni mama wa mghahawa wa jirani. Alinivuta mkono taratibu, akanikalisha, akanipa maji, akasema "jai yen". Baadaye nikaelewa maana yake: moyo wa baridi. Kule anayefoka hadharani amekwishashindwa kabla kesi haijasikilizwa, na anayemfokea mwenzake amemvua nguo mbele ya watu, na huyo aliyefokewa hawezi tena kumpunguzia hata akitaka. Huyo mama akapiga 1155, polisi wa watalii. Akaja askari mmoja, akatuongelesha wote kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Nikaomba radhi kwa kelele zangu, kijana naye akaona hapo pa kupunguzia. Tukaishia baht 6,000. Pasi niliipata saa nne usiku.

Kwa hiyo nisikilize. Samui nenda Februari hadi Aprili, na kama likizo yako ni Novemba, nenda upande wa Phuket. Pasi usiiweke rehani kwa mtu yeyote. Toa amana ya fedha pamoja na nakala, na duka lisilokubali liache. Piga video ya chombo pande zote, mwenye duka akiwa kwenye picha. Kama huna leseni ya pikipiki na ile ya kimataifa yenye daraja hilo, panda songthaew, zile pikapu zenye mabenchi mawili nyuma, mchomoko wa kistaarabu. Mchana zinapita njia zake na unalipa nauli. Usiku zinageuka teksi, kwa hiyo patana kabla hujakaa. Na namba ya gari la wagonjwa ni 1669, iandike sasa hivi.

Adabu. Mtu wa Pwani hatapata tabu sana: viatu unavua mlangoni, unasalimia kwanza, mkubwa anaheshimiwa. Salamu ni viganja viwili kifuani na "sawadee", mwanamke anamalizia na "kha", mwanaume "krap". Lakini yapo ambayo kwetu hayapo. Kichwa ni kitukufu, usimpapase mtoto wa mtu hata kwa mapenzi. Miguu ndiyo ya chini kabisa, usinyooshe nyayo kuelekea sanamu ya Buddha wala mtu. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Hekaluni funika mabega na magoti, na hapa khanga ni mali: ile moja uliyobeba itakuwa mtandio, sketi na taulo. Kwenye hekalu la Wat Khunaram kuna mwili wa mtawa aliyefariki mwaka 1973, umekaa kwenye kioo vilevile alivyokuwa akitafakari, umevishwa miwani myeusi ya jua. Nakuambia mapema ili kicheko kikuishie nyumbani. Pale watu wanapiga magoti na kulia.

Mfalme hasemwi, wala kwa utani, wala kwenye simu yako. Kifungu cha 112 ni miaka 3 hadi 15 jela. Noti zina sura yake, kwa hiyo ikipeperuka usiikanyage kwa mguu kuizuia. Ifukuze kwa mikono hata kama utaonekana kituko. Sigara za umeme ziache nyumbani, zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 2014. Bangi iliachiwa 2022, ikabanwa tena 2025 kwa cheti cha daktari, na maduka utayaona bado. Usiingie. Sanamu ya Buddha ya kupamba sebule, kuitoa nchini kunataka kibali.

Chakula nisikutishe, ila pilipili yao haina utani. Sema "mai phet", isiwe kali, na bado itakuwa kali. Nguruwe anaitwa "moo", na ukisema "mai sai moo" unamwambia mpishi asitie. Angalia pia alama ya halali kwa maandishi ya Kiarabu. Mwenye mzio wa kamba au karanga awe makini sana, maana mchuzi wa samaki na dagaakamba wakavu wanaingia hata kwenye mboga. Nazi utakula mpaka utasahau uko ugenini. Kuna wakulima huko wanaoangusha nazi kwa nyani waliofundishwa, kila mmoja amefungwa kamba shingoni anaizungusha nazi mpaka ikatike. Niliangalia mara moja nikawakumbuka wakwezi wetu wa Pangani, sikutaka kuona mara ya pili.

Bahari yenyewe: konyeza, wale viumbe laini wa majini wanaochoma, wapo, na wale wa umbo la boksi wamewahi kuua watu Samui na Koh Phangan ya jirani. Ndiyo maana kwenye fukwe kuna nguzo zenye chupa za siki. Ukifika ufukweni, jua nguzo iko wapi kabla hujavua nguo. Mtu akichomwa, mmwagie siki, usimsugue na mchanga wala usimwoshe kwa maji baridi ya bomba, halafu 1669. Ogelea na fulana ya mikono mirefu. Bendera nyekundu ni nyekundu hata kama Warusi wamo ndani ya maji.

Ukienda kwenye ile sherehe ya mbalamwezi ya ufukwe wa Haad Rin, Phangan, pombe inauzwa kwenye vindoo na boti za usiku zinajaza kama daladala za Mbagala. Mimi sikwenda, niliona waliorudi. Mwezi wa nne kuna Songkran, mwaka mpya wao, tarehe 13 hadi 15, na utamwagiwa maji upende usipende. Simu ikae kwenye mfuko wa plastiki.

Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba haziingii, beba adapta. Kila ukitoa fedha kwenye mashine yao kwa kadi ya nje unakatwa zaidi ya baht 200, kwa hiyo toa nyingi mara moja, ila usitembee nazo zote. Maji ya bomba usinywe. Tunda la durian usiingize hotelini, harufu itakushtaki. Dawa zako ziwe na cheti cha daktari. Tiketi ya boti ya Donsak, bandari ya upande wa bara, isigusane na saa ya ndege, acha siku nzima katikati, maana bahari ikichafuka boti haitoki kwa ajili yako. Mwachie mtu nyumbani nakala ya pasi. Usilale na mlango wa baraza wazi.

Na usitandike khanga chini ya mnazi wenye madafu. Mtu wa Pwani haambiwi hilo, lakini wifi yangu, nimeshasema, ni wa Dodoma.