Kabla ya kununua trekta la shamba, anza na zana ya nyuma

Watu wengi wanaoniuliza habari za trekta huanza na swali moja: ninunue la HP (nguvu za farasi) ngapi? Na mimi huwauliza: litafunga nini nyuma? Trekta peke yake halilimi, halifyeki wala halisombi maji. Kazi inafanywa na plau, haro ya kuvunja mabonge, slasha ya kufyekea, tela au boza la maji. Kwa hiyo, kabla hujaingia duka lolote Arusha wala Moshi, kaa na daftari uandike kazi za shamba lako mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba, na kila kazi uiandikie zana yake.

Sisi tuna ekari 60 upande wa chini wa Usa River. Kuna kahawa, mahindi, malisho ya ng'ombe, na njia ya ndani ya karibu kilomita 2. Tulipoandika hivyo, ikaonekana kwamba kulima ni wiki chache tu, kuelekea mvua za masika zinazoanza Machi. Miezi mingine yote ni kufyeka majani, kubeba samadi, kusomba maji wakati wa kiangazi, na kufukia mashimo ya njia mvua zikishaichimba. Tulikuwa tunawaza trekta la HP 75. Daftari likatuonyesha kwamba linalotufaa ni la HP 50 hivi, na kulima tukodishe kwa mwenye trekta kubwa. Udongo wetu una sehemu ya mbuga, ule mweusi unaonata, na plau ya diski tatu kwenye udongo huo inataka HP 60 na zaidi. Kununua nguvu hiyo kwa ajili ya wiki tatu za mwaka, halafu kuilisha dizeli miezi mingine yote, ni hasara ambayo nimeiona kwa majirani wawili.

HP nazo zina hesabu yake. Namba iliyoandikwa ubavuni ni ya injini, na ikifika kwenye shafti ya PTO inayozungusha zana inakuwa imepungua, mara nyingi kwa zaidi ya asilimia 10. Halafu kuna mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Trekta la HP 45 huko linabaki na 39 hivi, na kwenye shafti labda 33. Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, hasara ni ndogo kuliko hiyo. Ngarenairobi, kule Siha, ni kubwa zaidi. Slasha ya upana wa mita 1.5 inataka kama HP 30 kwenye shafti kwa majani ya kawaida, kwa hiyo hilo la 45 litafyeka, ila bila akiba. Ukitembea kilomita 5 kwa saa, ukatoa muda wa kugeuza, utamaliza ekari moja na nusu kwa saa. Malisho ya ekari 20 ni siku mbili. Kwetu zinatosha kabisa.

Kisha chukua futi kamba. Kahawa ya zamani kwenye mashamba makubwa ya huku imepandwa kwa mita 2.74 kila upande, na matawi yanakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Trekta la kawaida la HP 75 lina upana wa karibu mita 2 kwenye matairi ya nyuma. Likiingia kati ya mistari linavunja matawi yenye matunda. Kama kahawa ndiyo kazi yako kubwa, tafuta trekta jembamba. Pima na geti, pima daraja la mfereji, pima mlango wa banda litakapolala.

Kuna kitu kidogo ambacho kilitugharimu. Trekta letu la kwanza lilikuwa dogo na la mtumba, na muuzaji alituhakikishia kwamba zana zote tulizonazo zitafunga. Fundi wetu alipokuja, akachukua pini ya haro yetu, akaipitisha kwenye tundu la mkono wa nyuma wa trekta. Haikuingia. "Mama," akasema, "hii pini ni milimita 28, na tundu ni la 22. Trekta hili ni la kundi la kwanza, haro yako ni ya kundi la pili." Makundi hayo ndiyo saizi za kufungia zana. Zana tatu zikalala nje msimu mzima. Kwa hiyo ukienda kuangalia trekta, beba pini ya zana yako mfukoni uijaribishe hapo hapo. Ikiingia ikachezacheza, pia si sawa, maana zana itayumba na tundu litaliwa.

Kwa wanaokaa mitelemko ya Meru na Kilimanjaro, breki na uzito ni muhimu kuliko HP. Boza la lita 2,000 likijaa ni tani 2 za maji, bila kuhesabu chuma chake. Trekta jepesi litaweza kulivuta kupanda, lakini kushuka boza ndilo litakaloliongoza trekta. Uliza uzito wa trekta, uliza kama tela lina breki zake, na dereva ashuke kwa gia nzito, ile ya mwendo wa polepole, asikanyage klachi katikati ya mteremko. Mzigo ufungwe chini, kwenye hichi, pale pa kuvutia nyuma ya trekta. Ukifungwa juu ya usawa wa ekseli ya nyuma, trekta linaweza kunyanyua pua na kumwangukia dereva kwa nyuma kabla hajafikiri. Hakikisha lina fremu ya kumkinga dereva likipinduka, pamoja na mkanda, na mkanda ufungwe kila mara fremu ikiwa imesimama (nyingine hukunjwa).

Na shafti ya PTO iwe na kifuniko chake cha plastiki, kizima. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Huku kwetu watu wanavaa shuka, wanavaa kanga, na watoto wanapenda kusogea kuangalia mashine. Ncha ya nguo ikishikwa, hakuna wa kuwahi kuzima. Kama muuzaji anakuambia kifuniko si lazima, kinunue mwenyewe kabla ya kazi ya kwanza.

Kama unanunua la mtumba, fika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa kamili. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, wamekwisha kuiwasha, na ujue huenda inasumbua ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili, na ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia. Nyanyua zana nzito kwa haidroliki, zima injini, weka alama ya urefu kwa chaki, subiri dakika kumi. Ikishuka sana, kuna matengenezo yanakusubiri. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata joto, au wa bluu, mwachie mwenyewe.

Spea ni jambo ninalolipa uzito kuliko rangi wala jina. Zunguka maduka ya spea ya Arusha na Moshi uulize bei ya filta, sahani ya klachi na pampu ya maji ya modeli hiyo hasa. Ukiambiwa "tunaagiza," uliza siku ngapi, kwa sababu trekta likisimama Machi, mvua haisubiri. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, wako hapa hapa Arusha na kazi yao ni pamoja na kupima mashine za kilimo. Na viwanja vya Nanenane vya Themi, kila Agosti, ni mahali pazuri pa kuona modeli nyingi kwa siku moja.

La mwisho, usilipe kabla trekta halijafanya kazi shambani kwako, na zana yako, na dereva wako. Letu la sasa tulilijaribu kwenye mteremko wa mferejini, boza limejaa mpaka mdomoni. Dereva akalisimamisha katikati, akavuta breki ya mkono, akaachia mguu. Halikusogea. Akashuka, akazunguka matairi yote, akarudi akiwa na jiwe la kuzuia tairi ambalo hakulihitaji. "Mama, hili linashika." Tukalipa kesho yake.